NESI HAANZII CHUONI, ANAANZIA KWA MWALIMU WA KEMIA (Sehemu ya 5)

  Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Mlali, ile ya Mvomero mkoani Morogoro, siyo ya Kongwa. Hapa naandika kuhusu kazi yetu na watu waliotufikisha kwenye kazi hiyo.

Sehemu ya nne tulizungumzia namna ya kuchagua chuo. Tangu siku ile meseji zimejaa, na nyingi zinauliza jambo moja: "Nesi, mwanangu yupo kidato cha pili, shule haina mwalimu wa fizikia. Aache sayansi?" Leo najibu. Jibu ni refu kidogo, kwa hiyo vuta kiti, chukua chai yako.

Tuanze na sharti lenyewe. Siku hizi kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga, ile ya miaka 3, mtoto anatakiwa awe amefaulu kidato cha nne masomo yasiyopungua manne, ya dini hayahesabiwi, na ndani yake lazima ziwepo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kufaulu maana yake angalau D. Soma tena hapo. Siyo A, ni D. Watu wa mjini wanacheka wakisikia D. Wewe mpeleke mtoto wao akasome miaka minne kwenye shule ambayo kipindi cha fizikia ni muda wa kufagia uwanja, halafu umwambie alete hiyo D.

Na usidhani masomo haya ni mapambo ya cheti. Ngoja nikupe mifano miwili ya wodini.

Daktari kaandika mgonjwa apate lita 1 ya maji kwa saa 8. Seti ya dripu uliyonayo inatoa matone 20 kwa kila mililita 1, na mashine ya kuhesabu hakuna. Unapiga hesabu: mililita 1,000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone kama 42 kwa dakika. Unasimama na saa yako mkononi unayahesabu yanavyodondoka, unarekebisha. Yakienda mbio, mgonjwa mwenye moyo dhaifu anaweza kujaa maji mapafuni. Yakienda polepole, aliyeharisha anakufa kwa kukauka huku chupa inaning'inia juu yake.

Mfano wa pili. Una JIK ya asilimia 3.5 na unataka maji ya asilimia 0.5 ya kutakasia vifaa. 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1, zinabaki 6. Kikombe kimoja cha JIK, vikombe sita vya maji. Ukizidisha maji, vijidudu vinabaki hai. Ukizidisha dawa, unaunguza mikono na vyuma vinaota kutu. Hii ni kemia ya kidato cha tatu, hakuna uchawi.

Hesabu ya JIK mimi sikufundishwa chuoni. Nilifika chuo nikiwa naijua, kwa sababu ya mwalimu mmoja.

Jina lake naliacha, na la shule pia. Yeye mwenyewe hapendi kuandikwa. Nitamwita Mwalimu tu.

Nilianza kidato cha kwanza mwaka 2006. Kama ulikuwa na akili zako wakati ule utakumbuka: shule za kata zilikuwa zinaota kila mahali kama uyoga. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004, na wazazi wakaitwa kusomba mawe na mchanga. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa sisi wa kutwa. Majengo yalipatikana, walimu hawakutosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo mafupi ya mwezi hivi, ikawapa leseni ya kufundisha. Mtaani wakaitwa Vodafasta, kama ile vocha ya simu ya kuingiza salio haraka haraka.

Mwalimu wetu alikuwa Vodafasta. Tulimcheka kabla hajafungua mdomo.

Njia yake ya kuingia ualimu haikuwa ya wito. Mwenyewe ndivyo anavyosema. Ni mtoto wa huko juu Mgeta, kwao wanalima kabeji na karoti kwenye matuta ya mlimani. Alisoma PCB akitaka udaktari. Matokeo yalipotoka hayakufika kwenye udaktari, na nyumbani hapakuwa na hela ya kusubiri. Akajaza fomu ya leseni ili apate mshahara wakati anajipanga kurudia mtihani. Alipanga kukaa Mlali mwaka mmoja.

Nilimuuliza miaka mingi baadaye, tayari nina sare, ni kitu gani kilimfanya abaki. Nilitegemea maneno makubwa. Akasema: "Wiki ya tatu mlianza kuuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Niliona aibu kuondoka kabla sijayajibu." Basi, ni hivyo tu.

Sasa nikuambie alivyokuwa anafundisha, kwa sababu hili ndilo ninalotaka ulichukue ukaliangalie kwenye shule ya mwanao.

La kwanza, lugha. Sisi tumesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari moja kila kitu kimegeuka Kiingereza. Mtoto anakariri sentensi nzima bila kujua inasema nini. Mwalimu alikuwa anaanza kila kitu kipya kwa Kiswahili, tena cha mtaani. Mkishaelewa ndipo anaandika neno la Kiingereza ubaoni, mnalitamka, mnalitungia sentensi, mnalibeba kwenda nalo kwenye mtihani. Alikuwa anasema mtihani unataka Kiingereza lakini akili inataka kuelewa, na kuelewa kunatangulia.

La pili, vitu vya kufundishia. Maabara hatukuwa nayo, na wakati ule shule kama zetu zilifanya ule mtihani mbadala wa vitendo, yaani unaeleza kwa kalamu kitu ambacho hujawahi kukigusa. Yeye alikataa tusiguse. Mlali ni nyanya, kila mtu anajua. Siku ya osmosisi alikuja na nyanya tatu, kisu na chumvi. Akakata, akanyunyiza chumvi, akaacha sahani juu ya meza tukaendelea na mambo mengine. Baada ya muda sahani imejaa maji. "Nani kamwaga maji hapa?" Kimya. Hapo ndipo somo lilipoanza: maji yametoka ndani ya nyanya kufuata chumvi. Leo nikimweleza mama kwa nini pakiti ya ORS inachanganywa na lita 1 kamili, siyo nusu lita "ili iwe kali", naiona ile sahani.

Siku ya asidi na besi alichemsha choya, akagawa kwenye vikombe. Ukikamulia ndimu inakuwa nyekundu zaidi. Ukitia maji ya majivu ya jikoni inabadilika kuwa kijani. Gharama ya somo lote haikufika shilingi mia tano.

Siku ya maji alitupeleka mtoni. Mto Mlali unaingia bwawa la Mindu, na bwawa hilo ndilo linalonywesha watu wa Morogoro mjini. Alituuliza: mkiosha bomba za dawa ya nyanya hapa, nani anakunywa? Wengine baba zao walikuwa wanaosha pale pale. Hakumtaja mtu, alituacha na swali.

La tatu, na hili ndilo kubwa, alivyopokea majibu. Ukikosea hakukuchapa wala hakukucheka. Aliandika jibu lako ubaoni kama lilivyo, halafu anauliza: "Umefikaje hapo?" Ukieleza, mara nyingi wewe mwenyewe unagundua ulipoteleza. Na mara moja moja, kumbe wewe ndiye uliyekuwa sahihi na yeye ndiye aliyekosea. Hapo alifuta lake akaacha lako.

Unaweza kuona ni jambo dogo. Ngoja nikukumbushe habari ya Mtanzania mmoja.

Mwaka 1963 kijana anaitwa Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, mkoa wa Tanga. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza askirimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye jokofu. Nafasi kwenye jokofu ni ya kugombania. Siku moja Mpemba akaona atakosa nafasi, akaweka yake ya moto moto. Kuja kuangalia, yake imeganda na ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha bado ni uji. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani.

Hakuliacha swali lake. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya dunia. Wenzake wakaidaka ikawa utani, kila akikosea kitu wanamwambia ni ya Mpemba. Halafu siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mwanafizikia. Mpemba akanyoosha mkono: ukichukua maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi kilekile, ukayaweka kwenye friza, ya nyuzi 100 yanaganda kwanza. Kwa nini? Darasa likaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akaomba lifanyiwe jaribio, na likatokea kweli. Mwaka 1969 wakaandika pamoja makala kwenye jarida la Physics Education, na mpaka leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu yake, na hata kama linatokea kila mara. Lakini wanabishania swali la mwanafunzi wa Tanzania.

Nataka uone kitu hapo. Walimu wote wale walijua fizikia. Aliyeleta tofauti ni yule aliyesema: ngoja tujaribu. Na shule ile ya Mkwawa mwaka 2005 ilifanywa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, kinafundisha walimu, wakiwemo wa sayansi. Natamani kila anayepita pale apewe habari hii siku ya kwanza.

Kuna mwingine, jirani zetu Kenya. Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, mwalimu wa hisabati na fizikia shule ya Keriko, kijiji kinachoitwa Pwani kaunti ya Nakuru. Bahari hakuna, ni ukame. Baba yake alikuwa mwalimu. Shule ilikuwa na kompyuta moja, watoto wengine walikuwa wanatembea kilomita 7, darasa moja lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini. Yeye alianzisha klabu ya vipaji, akawaacha watoto watengeneze miradi yao wenyewe, akawafuata majumbani mwao mwisho wa wiki. Mwaka 2019 wanafunzi wake walikwenda kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi Marekani, na yeye akapewa Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni 1. Kabla ya hiyo tuzo alishakuwa anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wanafunzi na jamii.

Nampongeza kwa moyo wote. Lakini ndugu msomaji, tusije tukajenga elimu ya watoto wetu juu ya walimu wanaogawa mshahara. Mtawa hana watoto wa kulisha, Mwalimu wetu anao.

Turudi Mlali. Msimu wa nyanya madawati yanapungua watu, na mimi nilikuwa mmoja wa wanaopungua. Kidato cha tatu nilikosa wiki mbili. Siku moja namuona Mwalimu anakuja kule shambani na viatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Karibu. Mbona na jua lote hili?"

"Nimekuja kuazima mtu."

"Nani?"

"Huyo hapo. Jumanne na Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi. Siku nyingine ni wako."

Mama akacheka. "Na nyanya zikiiva Jumanne?"

"Nitakuja kuchuma mimi."

Alikuja kweli, mara mbili. Alichuma vibaya, anabonyeza, anaweka mbichi na mbivu tenga moja. Mama akamwambia, "Mwalimu, wewe baki na chaki yako, mtoto nitamleta." Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2009 na Kemia C, Baiolojia C, Fizikia D. Zilitosha. Si unaona ile D ilivyofanya kazi?

Sasa sehemu chungu. Mwaka uleule Mwalimu alipata nafasi ya chuo kikuu, shahada ya ualimu wa sayansi, miaka 3. Alikuwa na haki ya kwenda, na alirudi. Lakini hiyo miaka 3 hakuletwa mtu wa kuziba nafasi yake. Mdogo wangu wa kike aliyekuwa nyuma yangu, anayenishinda hesabu tangu tukiwa wadogo, alifika kidato cha tatu shule ileile, nyumba ileile, mama yuleyule, na hakuna mwalimu wa kemia. Akachukua sanaa. Leo ananunua nyanya kwa jumla na kupeleka soko la Kingalu, anajitegemea, simsikitikii. Ila wodini tukiwa wauguzi wawili kwa wagonjwa arobaini, huwa namfikiria.

Usiseme serikali haijafanya kitu, imefanya. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata ijenge maabara tatu, na wote tulichangishwa. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza stashahada maalumu ya walimu wa sayansi na hisabati. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa programu hiyo wakarudishwa nyumbani, baadaye waliokuwa na sifa wakapangiwa vyuo vingine. Mwaka 2016 ada ikafutwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, watoto wakaongezeka. Kwa hiyo jengo la maabara unaweza kulikuta. Fungua mlango uone kama ndani kuna mtu.

Huku mtaani tunao wahitimu wa ualimu wa sayansi waliokaa miaka wakisubiri ajira. Wengine wanajitolea, wazazi wanachanga posho. Shule anayosoma mtoto wa dada yangu mkubwa, fizikia inafundishwa na kijana wa namna hiyo. Akiitwa kwenye usaili akapata, anaondoka siku ileile, na ni haki yake.

Huyo mtoto ndiye aliyenifanya niandike leo. Yupo kidato cha pili, mwakani njia zinagawanyika. Kwetu Waluguru mjomba ana sauti, na mjomba alishasema: achukue sanaa, sayansi bila mwalimu wa uhakika atapata ziro. Hakusema kwa ubaya. Ameona watoto wengi wakirudi na ziro. Mtoto akanipigia, "Mama mdogo, mimi nataka kemia."

Nilikwenda. Tulikaa watu wanne: mjomba, dada, mimi na Mwalimu, ambaye sasa ana mvi na yupo shule nyingine. Sikumbishia mjomba. Nilimwambia, "Mjomba, shikamoo yako nimeitoa, sasa naomba unisikilize kama nesi." Nikamsomea masharti ya chuo. Mwalimu akasema yeye Jumamosi atamkaribisha mtoto kwake na wenzake wanne, kila mmoja aje na kuni na daftari. Mjomba akafikiri sana. Akasema: mpaka mtihani wa nusu muhula wa kidato cha tatu. Akishuka, anabadilisha. Tukakubaliana hapo. Hatujui itakuwaje, lakini mlango haujafungwa.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza, jibu langu ni hili: usimwachishe sayansi kabla hujafanya mambo matatu. Moja, nenda kikao cha wazazi uulize kwa sauti: mwalimu wa kemia ni nani, wa fizikia ni nani, wameajiriwa au wanajitolea, na posho yao inalipwa? Mbili, kagua daftari la mtoto. Kama kuna maelezo ya kunakili tu, hakuna hata jaribio moja la nyanya na chumvi, kaongee na mwalimu kwa heshima, huenda anakosa hela ya hizo nyanya tu. Tatu, mtafute mtu wa karibu aliyesoma sayansi, hata akiwa nesi wa zahanati, akae na mtoto saa mbili kwa wiki. Hao wapo kwenye kila kijiji, hawajaombwa tu.

Na kama wewe ni yule kijana uliyesoma ualimu wa sayansi na unajitolea kwa posho ya wazazi, nakusalimia kwa heshima zote. Wanafunzi wako wanakucheka sasa hivi. Kuna mmoja anayeandika kila unachosema.

Sehemu ya 6 tutaongelea mwaka wa kwanza chuoni, yale ambayo hakuna anayekuambia. Niandikie hapo chini nani alikufundisha kemia, na kama hukuwa na mwalimu, andika hivyo hivyo. Nasoma zote nikitoka zamu.